Taa ya Kushoto

Ninaandika haya ili kumsafisha Okello, fundi wa gereji moja huko Nateete.

Gari langu liligongwa taa ya kulia, na bima ikakubali kuweka taa orijino. Mimi hujisomea vitabu vya magari, kwa hiyo niliilinganisha taa mpya na ile ya kushoto. Kioo na alama zilitofautiana.

"Umenifungia feki," nilimwambia.

"Mzee, hii nimeitoa kwenye boksi lake. Usiniharibie kazi."

Niliiandikia bima barua ya kurasa nne kwa mkono. Okello akasimamishwa kazi.

Jana mkaguzi wa bima, Bi Zaituni, alizikagua taa mbele yetu sote.

"Feki ni ya kushoto, mzee. Nani aliifunga?"

"Gari lilitoka nayo kiwandani."

Akaifuta vumbi. Kama wengi hapa Kampala, mimi huchora namba ya gari kwenye taa ili wezi wasiitamani, kisha huongeza tarehe niliyoifunga. Alisoma tarehe ya miaka mitano nyuma. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba taa ya kwanza iliibwa.

Okello aliitazama ile tarehe, kisha barua mkononi mwa Zaituni.

"Mwandiko ni mmoja, mzee," alisema taratibu.