Mstari wa Kupura Ulezi

Mimi nina hasira za karibu, nasema mapema asije mtu akanishangaa. Nilitoka Mbeya nikaja Sumbawanga kwa kazi ya ofisini, nikaolewa na Mfipa wa Kaengesa, na miaka miwili mfululizo ukweni walinitoa kwenye mstari wa kupura ulezi. Walinitoa kwa adabu kabisa: "Mama, pumzika, kawagawie watu togwa." Adabu ile iliniuma kuliko tusi. Mgeni ndiye anayepumzishwa, nami nilikuwa nimechoka kuwa mgeni kwa watu niliowazalia mjukuu.

Kupura kwao si kupiga ovyo. Wanawake husimama mistari miwili wakitazamana, masuke yamelala katikati kwenye uwanja uliosiribwa kinyesi cha ng'ombe. Upande huu unashusha fimbo, ule unainua, na wimbo ndio unaoshika mwendo. Ukichelewa kidogo tu, fimbo yako inagongana na ya mwenzako, na wote wanasimama kukutazama.

Mwaka wa tatu nikaapa: safari hii sitoki. Nikavaa kitenge kipya, nikasimama katikati kabisa, mkabala na wifi yangu. Moyoni nahesabu moja, mbili, huku naangalia mikono yangu, naangalia nani ananiangalia. Ka! Fimbo yangu ikagonga ya wifi. Tukaanza upya. Ka! Tena.

"Wifi," akasema, wala hakushusha sauti, "wewe unapura ili uonekane. Ulezi hauna macho, ati."

Watu wakacheka. Loh! Damu ilinichemka. Jibu nilikuwa nalo, la kumnyamazisha mpaka Pasaka, na pikipiki ya kunirudisha kwangu mjini, Kasense, ningeipata palepale barabarani. Lakini nikijibu nimetoka mstarini kwa miguu yangu mwenyewe. Nikalimeza. Mama mkwe akaingia jikoni kusonga ugali, nadhani ili asiyaone.

Nikajifunga khanga usoni kama wenzangu, maana pumba za ulezi zinawasha, nikainamisha kichwa. Mbele yangu kulikuwa na suke moja kaidi, limegoma kuachia punje. Nikalipiga hilo. Nikalipiga tena. Wimbo ulikuwa wa Kifipa, maneno yake nayajua nusu. Nikaitikia hiyo nusu. Suke likaachia, nikahamia jingine, na jingine. Kuhesabu nilikoma saa ngapi sijui. Mikono inakwenda, vumbi linapanda, upepo wa baridi unapita mgongoni, na kwa muda mrefu mimi sikuwapo pale, palikuwa na ulezi unapurwa.

Mara nikasikia sauti ya mama mkwe, ina wasiwasi: "Jamani, mkwe wangu yuko wapi? Ameshakasirika ameondoka?"

Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Akanitazama, macho yakapita, yakaenda kwa wa pili. Sote tulikuwa na vumbi lilelile, nyuso zimefungwa khanga, fimbo zinashuka pamoja. Wifi akashindwa kujizuia, akaangua kicheko.

"Mama, si huyo hapo mbele yako! Tangu uingie jikoni hajanigonga hata mara moja!"

Mama mkwe akabaki kaninyooshea kidole. Mimi machozi ya furaha yananitoka ndani ya khanga. Miaka mitatu nahangaika nionekane, leo natafutwa nami nipo! Nikajipigia vigelegele mwenyewe, kwa sauti yangu yote, na fimbo haikukosa pigo.