Jino la Bwana Harusi

Kabla hamjanicheka, wasomaji, jueni kwamba nami nilikunywa.

Nilikuwa kwa daktari wa meno mtaani Ganjoni alipoingia kijana wa Mji wa Kale, kaziba mdomo kwa mkono, shangazi yake nyuma na kikapu. Shangazi alitusimulia bila kuulizwa: kijana alitaka kumwonyesha mchumba wake ushujaa, akafungua chupa ya soda kwa meno. Jino la mbele likakatika nusu, na nikaha ni kesho.

"Kipande mmekuja nacho?" daktari akauliza mlangoni.

"Si mlisema kwa simu tukitie kwenye maziwa?" Shangazi akatoa kikombe. Daktari akanusa.

"Mama, haya yana iliki!"

"Na zafarani. Wataka nimtilie bwana harusi maziwa matupu?"

Daktari akakiosha kipande, akakigandisha mahali pake. Kijana akatoka akiutabasamia hata ukuta. Kwa furaha, shangazi akatoa kikapuni thamosi ya maziwa yale yale ya iliki, akapanga vikombe vyake vyote, akatumiminia sote tuliokuwa tukingoja.

Kwetu kukataa ukarimu ni tusi. Tulivitazama vile vikombe, vyote sawasawa, tukatazamana, tukanywa. Hakuna aliyethubutu kuuliza jino lilikuwa kwenye kipi.