Ndoo za Bi Mwajuma

Mwanangu, jana uliposema chumba ulichopanga mjini ni kizuri kwa kuwa hakuna anayekujua pale, mawazo yangu yalirudi Bariadi, siku ile Bi Mwajuma alipopanda basi la Mwanza akaniacha na ua mzima, mimi na ndoo zake.

Zilikuwa enzi za ruksa, serikali ilipofungulia biashara huria. Maduka yaliyokaa matupu kwa miaka yalijaa sabuni, mitumba na vyombo vya plastiki vya kila rangi. Wanunuzi binafsi wa pamba waliingia vijijini na malori yao, na ofisi ya ushirika nilikokuwa nikipiga chapa ikaanza kukosa cha kuchapa. Asubuhi moja tuliitwa tukaambiwa tumepunguzwa. Wenzangu walifunga mizigo wakarudi kulima. Kwetu ni Binza, pale Maswa, wala si mbali, lakini niliona aibu. Baba alikuwa amewatambia watu kwamba Minza wake anakaa ofisini. Ningeshukaje stendi na godoro kichwani, watu wote wananiangalia?

Basi nikabaki nilipokuwa nimepanga, kwa Bi Mwajuma. Alikuwa mjane wa watu wa Tabora, ana duka dogo la mchele na mafuta barazani. Nilimsaidia dukani, naye akaniacha nikae kama mtoto wake.

Uani kwake kulikuwa na kitu ambacho hukukiona kwingine mtaani: mboga za majani za chainizi na nyanya zilizoota kwenye ndoo bila udongo. Mwanawe Rashidi, aliyesomea kilimo, ndiye aliyezitengeneza kabla hajakwenda ng'ambo. Kila shina lilikuwa na ndoo mbili, moja imepachikwa juu ya nyingine. Ya juu ilijaa kokoto na pumba za mpunga zilizochomwa. Ya chini ndiyo iliyokuwa ghala la chakula, ina maji yaliyochanganywa na mbolea ya chumvichumvi. Kitambaa cha pamba kilishuka kutoka juu hadi kwenye yale maji, kikayavuta kama utambi wa kibatari unavyovuta mafuta, na mmea ukanywa wenyewe.

Waliokuja kushangaa walidhani ukishajaza maji kazi imekwisha. Haikuwa hivyo. Bi Mwajuma alinifundisha kutumbukiza kijiti ubavuni nione maji yamefika wapi, na nisiyajaze mpaka juu, maana mizizi nayo inataka hewa. Jua la kwetu likiwaka, mmea hunywa maji haraka na kuiacha mbolea chini, ikazidi kuwa kali. Hapo unaongeza maji matupu, si mbolea. Baada ya muda unayamwaga yote kwenye mpapai, unasugua ndoo, unasuuza kile kitambaa kilichoganda chumvi nyeupe, unaanza upya. Na kila tundu linafunikwa, la sivyo mwanga unaotesha utando wa kijani na mbu wanataga humo.

Barua za Rashidi zilikuwa zimeanza kuchelewa, kisha zikakoma. Bi Mwajuma aliendelea kuosha ndoo.

Macho yake yalipozidi kufifia, dada yake wa Mwanza alimwita akatibiwe huko. Akafunga duka, akanikabidhi funguo za ua, akapanda basi. Nilibaki pale stendi mpaka vumbi likatulia.

Mwanangu, sijui nikuelezeje siku zilizofuata. Ndoo nilizitunza barabara. Nilikwenda kuchimba maji kwenye mchanga wa mto wakati wenzangu wameshaondoka, ili nisikutane na mtu wa kuniuliza siku hizi nafanya kazi wapi. Nikirudi nilipima, nikaongeza, nikasugua. Chainizi zilitanuka mpaka zikafunika ndoo. Nilichuma jani moja moja la kunitosha, mengine yakageuka manjano yakadondoka. Nyanya zilianguka zikaoza chini, nikazifagia.

Ng'ambo ya ukuta alikaa Mama Kulwa na watoto wake pacha. Nilimsikia akitwanga, akigombeza wanawe, akicheka na mumewe. Kila asubuhi alinisalimu kwa Kisukuma kutoka upande wake, "Mwangaluka, mayu," nami niliitikia huku nikiingia ndani. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba wananicheka. Ukweli ni kwamba hakuna aliyekuwa akinizungumzia. Jioni nilikaa kwenye ngazi ya jikoni nikisikiliza kelele zao, nikawa kama mtu aliyesimama nje ya sherehe asiyoalikwa. Halafu nikaacha hata kuitikia.

Homa ilinikuta hivyo hivyo. Ilianza na baridi mchana wa jua kali. Nikasema nitalala kidogo. Nilipotaka kuinuka, miguu ilikataa. Nilisikia mchi wa Mama Kulwa kama uko ndani ya kichwa changu, na nilitaka kumwita, lakini sauti haikufika hata mlangoni. Kilichoniuma kuliko homa ni kufahamu kwamba hakuna atakayekuja. Nani angekuja? Ua ulikuwa kimya tangu zamani, kimya hicho hakikuwa kigeni kwa yeyote. Sikumbuki nililala siku ngapi. Nakumbuka kiu, na ndoo zilizokuwa hatua chache kutoka pale nilipolala.

Aliyenikuta ni Bi Mwajuma mwenyewe. Aliporudi kutoka Mwanza, jicho moja limefungwa bandeji, aliona kwanza mimea yake imelala kama nguo zilizoloa. Akatumbukiza kijiti, kikatoka kikavu. Aliniambia baadaye kwamba hapo hapo alijua. Minza wa kuacha ndoo zikauke hakuwa mzima. Alisukuma mlango wangu, kisha akapiga kelele kwa jirani.

Mama Kulwa alifika mbio na unga mikononi. Mumewe alinibeba kwenye baiskeli mpaka hospitali, Mama Kulwa akinishikilia kwa nyuma. Njia nzima mama huyo alikuwa akisema jambo lile lile, kwa sauti ya mtu anayejitetea ingawa hakuna aliyemshtaki: "Tulijua umerudi Maswa. Ulikuwa huitikii, tukajua umeondoka."

Niliporudi nyumbani, bado nimekonda, Bi Mwajuma aliniwekea kigoda uani. Alikuwa anang'oa nyanya zilizokufa na kusuuza mizizi ya zile zilizokuwa na uhai. Nilimwomba radhi kwa mboga zake.

"Mboga sizililii," alisema akiendelea kusuuza. "Chainizi zote hizi zilizoozea hapa, nani alikula?"

Nikamwambia sikuwa na wa kumpa.

"Moshi wa Mama Kulwa hukuuona? Watoto wake wanakula ugali na chumvi, wewe unafagia nyanya." Hakupandisha sauti. "Minza, mimi nina mwana ambaye sijui kama yu hai. Kila siku najiuliza kama huko aliko kuna mtu anayemjua kwa jina. Nawe uko hapa, watu wako hapo ukutani, unajificha. Usinifanyie hivyo tena."

Nililia, mwanangu. Hakunibembeleza. Alichuma yale majani machache yaliyopona, akayatia kwenye ungo, akaniambia nimpelekee Mama Kulwa kwa miguu yangu mwenyewe. Nilipofika mlangoni kwake nilishindwa kupiga hodi, nikasimama tu na ule ungo. Mmoja wa pacha akaniona, akaniita "shangazi", na mama yake akatoka akaniambia niingie, uji uko tayari. Hakuniuliza habari za kazi. Wala siku nyingine yoyote hakuniuliza.

Tuliotesha mboga upya kwenye ndoo. Baadaye Bi Mwajuma alipofifia jicho la pili, nduguze walikuja kumchukua Tabora, na huko ndiko alikozikwa. Rashidi hakurudi. Nilibaki tena peke yangu katika ule ua, na sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi. Upweke ulikuwepo, na upo mpaka leo, wajukuu wakiondoka likizo ikiisha. Tofauti ni kwamba tangu wakati ule haukunikuta tena mlango umefungwa.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Ukifika huko mjini, kabla hujatandika kitanda, toka ukajitambulishe kwa jirani. Mwambie jina lako na kwenu ni wapi. Ukiwa huna kazi, sema huna. Ukipika kingi, gawa. Akikusalimu asubuhi, simama umwitikie, hata kama moyo hautaki, maana kuitikia kwako ndiko kunakomjulisha kwamba upo. Usikae ukingoja moyo upate nafuu ndipo uwaendee watu.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe riziki na afya, akupe mlango usioogopa kubishwa. Na siku sauti yako isiposikika, awepo mtu wa kushtuka.