Mswada Si Miraa ya Soko

Nakumbuka asubuhi moja pale Kianjai, mwanangu, nilipoweka nukta ya mwisho katika kitabu changu cha kwanza. Nilikuwa na umri wa mtu mwenye watoto, lakini mali yangu yote ilikuwa begi moja na kuku wachache. Mjomba wangu M'Itonga, ndugu ya mama yangu, alikuwa akisema kwamba kuku hao wakiniona nimeshika begi hujilaza chini wenyewe wafungwe miguu, maana wameshajua tunahama. Hakutia chumvi sana. Shule niliiacha kabla ya kumaliza ya msingi. Nikapakia magunia, nikachuma majani chai, nikauza mitumba karibu na uwanja wa Kinoru mjini Meru, nikashuka hadi Mbeere kuchunga mbuzi wa watu. Kila nilipopita niliuliza maswali hadi watu wakachoka nami. Nilisoma hata gazeti lililofungiwa nyama, na niliudhika pale damu ilipofunika mwisho wa habari.

Kitabu changu kilihusu watu wa pikapu za miraa, vile vijiti vichanga vya kutafuna vinavyouzwa hadi ng'ambo: madereva, wapakiaji, na wake zao wanaolala wakisikiliza barabara. Niliwahi kuwa mpakiaji. Rafiki yangu Mutuma, aliyekuwa dereva wetu, alikufa njiani akikimbiza mzigo uwahi ndege. Alizikwa, watu wakanywa chai, na pikapu nyingine ikapewa dereva mwingine. Nilitaka mtu ambaye hakumjua Mutuma amjue. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu, na sikuwa na kitabu kingine.

Sasa sikiliza nilichofanya. Sisi watu wa Tigania tumelelewa na miraa, na miraa haina subira. Ikichumwa alfajiri, jioni iwe imeshafika mbali, kwa sababu miraa ya jana ni kuni. Mtoto wa kwetu hujua kukimbia na mzigo kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Kwa hiyo nilipoandika neno la mwisho, mkono wangu ulifanya ulichozoea. Ulitafuta gari la kwanza.

Gari lenyewe lilikuwa saiba, kile chumba cha kompyuta sokoni ambako nilikuwa nimepiga chapa kitabu changu kipande kwa kipande. Nilikuwa nimesikia kwamba mwandishi asiyejulikana hutafuta wakala, mtu anayeubeba mswada wako kwa wachapishaji, akakusemea, akausoma mkataba kabla hujatia sahihi, na kitabu kikiuzwa akachukua sehemu yake. Basi nikakusanya anwani za kila wakala niliyemwona kwenye ile kompyuta: wa Nairobi, wa ng'ambo, wa vitabu vya mapishi, na mmoja ambaye baadaye niligundua ni wakala wa wachezaji wa kandanda. Nikaandika barua moja. Nikaianza “Kwa Mheshimiwa”, nikapanga anwani zote juu yake wazi wazi, nikaambatanisha kitabu kizima, nikabonyeza. Jua lilikuwa halijafika utosini. Nikanunua chai na andazi, nikajiona nimefika.

Wengi hawakunijibu hata leo. Mmoja alijibu upesi sana, akisema kitabu changu ni cha ajabu na kwamba angeanza kukisoma nikishamtumia ada. Nashukuru Mungu sikuwa na kitu mfukoni, maana siku hiyo ningetuma hata bei ya kuku. Ndipo likaja jibu la Bi Weveti. Huyu alikuwa mama wa Embu aliyewahi kuhariri vitabu Nairobi kwa miaka mingi, kisha akarudi nyumbani, na kati ya wale wote ni yeye peke yake aliyekuwa akishughulika na riwaya za Kiswahili. Aliandika hivi: “Bwana Kaberia, barua hii haikuandikwa kwangu. Siku utakapokuwa na yangu, nitaisoma.”

Nilikasirika, mwanangu. Nilitoka pale nikiongea peke yangu, nikaenda moja kwa moja kwa mjomba.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yake, akifunga ncoolo. Kama hukulelewa kwetu, ncoolo ni furushi la miraa linalopelekwa kwa wazazi wa msichana mnapokwenda kuomba posa. Si miraa ya kutafunwa barabarani. Huchumwa kwenye miti mizee, huchambuliwa kijiti kwa kijiti, hufungwa kwa kamba ya mgomba na kuviringishwa kwa majani yake. Wazee wa upande wa pili hulikagua kabla ya kufungua midomo. Wakilipokea, mazungumzo yanaanza. Wakiliona limefungwa ovyo, mnaweza kurudi nalo nyumbani na aibu juu. Siku hiyo mjomba alikuwa akimfungia mwanawe Kirimi.

Nilimweleza yote. Hakuinua macho.

“Huyo mama wa Embu unamjua?” aliniuliza.

“Nitamjuaje, mjomba?”

“Vitabu alivyowahi kupeleka kwa watu, umesoma hata kimoja?”

“Hapana.”

“Na barua yako ilikwenda nyumba ngapi?”

“Zote.”

Akacheka hadi akalazimika kuweka kamba chini. “Kaberia, mwana wa dada yangu. Wewe ulibeba mzigo wa soko, ukapita ukitupa mlango kwa mlango, kisha ukakaa njia panda ukingoja uletewe bibi harusi.”

“Kizuri chajiuza,” nilimwambia, kwa kiburi.

“Na kibaya chajitembeza. Sasa nani kati yetu alikuwa akitembeza?”

Alinyoosha kijiti kimoja, akakitazama juani, akakitupa. Mimi sikuona kosa lake. Nikamuuliza mbona anachagua hivyo, miraa si miraa tu.

“Baba ya msichana amebaki na meno machache,” alisema, “na hayo machache hayapatani. Nilituma mtu aulize. Ndiyo maana nachagua laini tupu. Ningempelekea ngumu angeona nimekuja kumcheka.” Kisha akafungua fundo alilokuwa amelimaliza, akaanza upya, ingawa lilionekana sawa machoni pangu. “Na hili likishafungwa kwa ajili ya mlango ule, halipelekwi mlango mwingine. Wakitukataa, nitarudi nitafunga jingine.”

Nilidhani amemaliza, nikaanza kuinuka. Ndipo akasema neno ambalo limenifuata kila mji niliolala.

“Mutuma alikufa kwa haraka. Na wewe unamwandika kwa haraka ile ile.”

Mwanangu, mkubwa akikutukana unaweza kununa. Akikwambia kweli kwa sauti ya chini, unakosa pa kununia. Niliketi tena. Nilimsaidia kupanga majani ya mgomba hadi kazi ikaisha. Siku iliyofuata ncoolo ikaenda, ikapokelewa, na Kirimi hadi leo ana mke anayemzidi akili.

Mimi nilichukua begi langu na kuku wangu, nikaenda Embu. Usidhani nilikwenda kubisha mlango wa Bi Weveti. Nilipata kazi ya kuosha magari, na siku za mapumziko niliingia maktaba. Nilitafuta vitabu vilivyopitia mikononi mwake. Waandishi wengine humshukuru wakala katika kurasa za mwanzo, kwa hiyo ukiwa na macho ya udadisi utaviona. Nilivisoma taratibu, nikajua anapenda nini. Hakupenda mahubiri. Alipenda watu wanaofanya kazi na kuzungumza. Nikarudi kwenye mswada wangu, nikaona sura nzima nzima ambamo nilikuwa nikiwahubiria vijana kuhusu mwendo wa kasi huku Mutuma amesimama kando akingoja nimalize. Nilizikata. Iliuma, maana baadhi ya sentensi zile nilizipenda kama watoto. Lakini mchelea mwana kulia hulia yeye.

Halafu nikawasomea wenzangu pale pa kuosha magari. Hawakuwa watu wa vitabu. Mmoja aliitwa Njiru, mwana wa Embu, mtani asiyechoka. Nilipofika mahali fulani akasema, “Kaberia, huyo dereva wako anaongea kama chifu. Dereva gani anasema ‘hakika’ akipasukiwa na gurudumu?” Wote wakacheka. Nilicheka pia, kisha nikaenda kurekebisha, kwa sababu Mutuma kweli hakusema “hakika” maisha yake yote.

Mvua zilikuja zikapita, zikaja tena. Nilipoona sasa nageuza neno na kulirudisha pale pale lilipokuwa, nilijua fundo limekaza. Nikaandika barua ya pili. Ilikuwa fupi. Nilimwita kwa jina lake. Nilimwambia kitabu ni cha nini na ni cha nani, mimi ni nani bila kujipamba, na ni kitabu gani alichokipeleka yeye kilichonifanya niamini kwamba atamwelewa Mutuma. Alikuwa ametangaza kwamba anataka sura za mwanzo tu, nikampa sura za mwanzo tu. Barua hiyo haikwenda nyumba nyingine. Kuna mawakala wasiokataza kuwaandikia wengine wakati mmoja, na hilo si dhambi, mradi kila mmoja aandikiwe ya kwake. Lakini mimi nilikuwa na deni la heshima kwa yule mama.

Kisha nikangoja, na kungoja kulinishinda kuliko kuandika. Nilitaka kuhama mji. Nilitaka kumwandikia kila wiki kumuuliza kama ameiona. Njiru aliniambia, “Ukienda kumwangalia mama aliyeinjika githeri, mahindi na maharagwe yake, kila dakika, atakupa mbichi.” Nikaanza hadithi nyingine ili mikono isikae bure.

Jibu lilipokuja, lilisema: “Hii ni yangu. Njoo na iliyobaki.”

Alikuwa akiishi mtaa wa Dallas pale pale Embu, mwendo mfupi tu kutoka tulipooshea magari. Pengine niliwahi kuosha gari lake. Alinimiminia chai, akavaa miwani, akaniambia kitabu kinachelewa kuanza, kwamba katika sura ya kwanza napiga hodi sana kabla ya kuingia. Nilitaka kubisha. Nikakumbuka kijiti kilichotupwa ambacho sikuona kosa lake, nikaandika alichosema.

“Nikikichukua,” alisema, “kitakataliwa. Nakwambia mapema usije ukalia kwangu.”

“Kikikataliwa tutafanyaje, mama?”

“Nitakipeleka kwingine. Hiyo ndiyo kazi yangu. Yako ni kuandika kingine.”

Na kweli kilikataliwa. Kila mara alinipa habari bila kuficha, na kila mara alinieleza sababu kama ilikuwapo. Hakuniomba hata ndururu. Siku kilipopata mchapishaji, alinisomea mkataba mstari kwa mstari, akanizuia kutia sahihi mahali ambapo ningeuza hata haki za vitabu ambavyo sijaviandika. Kizuri chajiuza, ndiyo, lakini nimeishi kutosha kujua kwamba hata kizuri kinahitaji mtu wa kukisemea pale ambapo wewe huwezi kuingia.

Nilipopata nakala yangu nilipanda hadi Kianjai. Mjomba hakujua kusoma. Alikipokea kitabu kwa mikono yote miwili, akakigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wake, akavuta kurasa kidogo kuona kama zitaachia. Nilisimama mbele yake nikiwa na woga mkubwa kuliko niliokuwa nao kule Dallas kwa Bi Weveti.

“Mutuma yumo humu?” aliuliza.

“Yumo, mjomba.”

Akakiweka magotini. “Imefungwa vizuri,” akasema. “Hii wangeipokea.”

Basi, mwanangu unayenisoma huko uliko, pengine kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, pokea hili. Kitabu chako hakinyauki. Kikilala mwezi mmoja au mwaka mmoja kitaamka, na wewe utaamka na macho mapya ya kukitazama. Usikikimbize kwa sababu mwenzako amekimbia. Chunguza unayempelekea, soma vitabu alivyowahi kubeba, mwite kwa jina, fuata utaratibu wake hata kama unaona ni wa kusumbua, maana hiyo ndiyo adabu ya mlangoni. Anayetaka umlipe kabla hajafanya lolote si wakala, ni mvuvi, na wewe ndiwe samaki. Akikukataa, usimtukane wala usijitukane. Huenda meno yake hayafai kwa miraa yako. Rudi ufunge jingine. Na akikukubali, msikilize bila kuwa mtumwa wake, na usitie sahihi kitu usichokielewa. Kuuliza si ujinga. Mimi shule iliniacha mapema, na kuuliza ndiko kumenilisha.

Zaidi ya yote, kumbuka ni nani aliyemo ndani ya kitabu chako akingoja. Ni kwa heshima yake unafunga polepole.

Mungu wa mlima wetu akupe mkono usiotetemeka na moyo usiokimbia. Akupe rafiki wa kukucheka unapoandika uongo. Mlango utakaoubisha ufunguliwe na mtu aliyekuwa akikungoja bila kujua, na ulichokibeba kipokelewe kwa mikono miwili. Nakutemea mate ya baraka kifuani, kama tulivyotemewa sisi na wazee wetu. Nenda, na usisahau kufunga vizuri.