Kinanda Kilichosema "Aende"

Lori lilishaiacha Tabora, vumbi limetujaa mpaka kwenye kope, ndipo Twalibu akanigutusha:

"Usiukalie mzigo huo. Mke wangu yumo humo."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ilikuwa sabini na tano, enzi za vijiji vya ujamaa. Mimi mtu wa kutangatanga, nilichukuliwa kubeba vyombo tu. Twalibu alikuwa akirekodi bendi za pale mjini. Mkewe, Tatu, mwimbaji, alikuwa amefariki. Binti yao yuko Igunga kwa bibi yake, Mama Kashindye, aliyegoma kumtoa.

"Kasema atamtoa siku ambayo Tatu atasema mwenyewe," Twalibu akaniambia. "Basi leo atasema."

Wadau, nieleweni. Kanda ya kurekodia unaikata kwa wembe, unaiunga. Ukishaiunga, inasema yale yale hata uililie. Lakini kinanda kile, ndio mzigo wenyewe, alichoachiwa na bendi iliyovunjika, kila kibao cha kubonyeza kilikuwa na kipande chake cha kanda. Twalibu aliweka humo maneno ya Tatu, neno moja moja, kutoka kwenye nyimbo zake. Ukibadili kidole, jibu linabadilika.

Kanda haijibu. Kinanda kinajibu.

Kwao, mkwe hatazamani na mama mkwe. Tulipofika Igunga tukakaa uani, tumegeuza mgongo, jenereta ya kuazima inanguruma nyuma ya nyumba. Bibi yuko ndani, nyuma ya pazia. Vidole vya Twalibu hakuviona.

"Tatu," bibi akaita. "Ni wewe?"

"Mama," kikasema kinanda.

Nywele zilinisimama.

"Mtoto abaki, au aende?"

"Aende."

Kisha bibi:

"Mkwe wangu. Tatu alikuwa na pumu. Hasemi neno mpaka avute pumzi. Pumzi zake umezipeleka wapi?"

"Nilizikata, mama. Zilikuwa zinaharibu nyimbo. Nikazitupa."

"Basi umeniletea maneno. Mwanangu umemtupa."

Tukapakia, mtoto tukamwacha.

Njiani kurudi, karibu na Puge, lori likazimika. Jenereta tumeirudisha kwa mwenyewe. Waya wa kinanda umekunjwa miguuni pangu.

Ndani ya kinanda mtu akavuta pumzi. Ndefu, ya kukwamakwama, kama anayetaka kusema.

Hakusema.

Kinanda tulikishusha pale pale porini. Twalibu aliacha kurekodi, akaenda kulima Usinge, akafia huko. Mama Kashindye alimlea mjukuu mpaka akamwoza, ndipo naye akafariki. Yule binti ana pumu. Mimi bado natembea.

Ukitaka kumtunza marehemu wako, usimsafishe.