Kompyuta ya Wendell Yavuka Majimbo

Wendell Skaggs, fundi bomba mstaafu wa Ohio, alikuwa ameapa kutonunua tena kompyuta ya kale kutoka mbali, maana ile ya kwanza aliyotumiwa kama kifurushi ilifika kioo kimepasuka. Basi ilipopatikana nyingine huko Montana, sisi wenzake wa chama cha kompyuta za kale tukamwambia, "Tulia mzee, hii tunakuletea wenyewe."

Tukapokezana kwa magari yetu, kila mtu na kipande chake cha njia. Mwenzetu Verna Lindqvist aliivusha eneo la Dakota katikati ya theluji, ameiketisha kiti cha mbele na kuifunga mkanda.

"Na mimi je?" mumewe akalalamika.

"Wewe hupasuki. Nenda nyuma!"

Mimi nilikuwa wa mwisho. Wendell aliipokea kama mtoto mchanga, akaiweka mezani, akaniangalia.

"Washa wewe, bwana. Mimi naogopa."

"Thubutu! Mali yako hiyo."

Akabonyeza swichi. Kioo kikabaki cheusi. Kisha herufi za kijani zikachomoza, moja baada ya nyingine. Wendell akapiga ukelele, akaninyanyua juu juu. Tukawapigia simu wote walioisafirisha, na kila nyumba ikaitikia kwa vifijo.