Ukili Mwekundu wa Bibi

Usiku ule niliogombana na mdogo wangu Salma kwa ajili ya mkeka wake wa harusi, usingizi ulinipitia palepale sakafuni, sindano ingali mkononi.

Mkeka wenyewe ulikuwa wa duara, wa kukalia bi harusi. Marehemu bibi yetu, kitandani na macho yamekwisha, alisuka kwa kupapasa ukili mmoja mwekundu, ule utepe wa ukindu unaoshonwa mzunguko baada ya mzunguko hadi mkeka utimie. Hakujaaliwa kusuka zaidi. Nyumbani kwetu rangi hukaa ukingoni, ndiyo heshima yake, basi nikashona kati kote kwa ukili wangu mweupe, wa Bibi nikauacha uwe wa mwisho. Nilipouzungusha haukukutana. Lilibaki pengo la shibiri nzima.

"Dada, tununue mwekundu mwingine tuunge," alisema Salma.

"Ukili wa Bibi niuunge na wa dukani? Una akili wewe?"

Akalia, na kiburi changu chote nami nikalia. Harusi ilikuwa mlangoni, na nilichotaka ni kitu kimoja tu: Bibi awepo.

Ndotoni niko uani, na ua hauna kuta. Bibi anakuja amejifunga kanga yake ya kazi, macho yake mazima kabisa. Sikushtuka. Harufu ya ukindu ilikuwa imetanda kila mahali. Aliuokota ukili wake akauweka kwenye ukingo wa mkeka, ukawa pete isiyokutana. Kisha akaanza kurudi nyuma, na pete ikapanuka kumfuata. Inaizunguka nyumba, inakizunguka kisima, inayazunguka makonde, na kadiri inavyopanuka ndivyo inavyokonda, mpaka imekuwa uzi mwekundu nje ya kijiji kizima.

"Bibi, ukili umekwisha!" nikapiga kelele.

"Haujapungua hata jani," anasema. "Umetandaa tu."

Anavuta mkono, na uzi unarudi. Unapita kisima, unapita kizingiti chetu, na kila unapobana unanenepa. Sasa umeingia katikati ya mkeka, palipokuwa na weupe wangu, na pete imekuwa pana, tundu lake linaziba, linaziba, hadi hakuna tundu tena. Pamejaa wekundu mtupu. Ukili uleule, unaofunika nafasi ileile ya ardhi, nje ulishindwa kufunga mzunguko mmoja, na ndani umejaa pomoni! Nikasema Subhanallah.

Nikatazama ukingoni. Weupe uliosukumwa kutoka kati ulikuwa umehamia huko, nao umeacha pengo, shibiri ileile.

"Bibi, mbona pengo bado lipo?"

Akanitazama kwa lile jicho lake la kuniona mzembe.

"Hilo ni lako. Wewe bado una mikono."

Nilitaka kumshika. Nilinyoosha mkono nikagusa sakafu.

Nje kulikuwa kunapambazuka. Sikunawa uso; nilitafuta wembe nikaupima ukili wa Bibi, nikaanza kufumua katikati urefu uleule. Salma akatokea mlangoni, michoro ya piko haijamkauka vizuri miguuni.

"Dada! Wauharibu mkeka, na wageni leo wanaingia?"

"Mweupe nitasuka mwingine, wa mikono yangu, nimalizie nje."

"Na wa Bibi?"

"Bibi kanijia. Hataki kukaa ukingoni," nikamwambia. "Anataka kati, akupakate."